Kisa cha piano iliyolegezwa na kiyoyozi

Malalamiko yalikuwa matatu. Piano ya ukumbi wa parokia mmoja jijini Dar es Salaam, si mbali na bahari, ilikuwa imeshuka tuni mpaka haipigiki pamoja na kinanda cha umeme cha kwaya. Vibonyezo 11 vilikuwa vikishuka havirudi, au vinarudi kwa uvivu. La tatu ndilo lililomchosha mwalimu wa kwaya: ndani ya mwaka mmoja fundi aliitwa mara nne, na kila mara piano ililia vizuri wiki mbili tatu, kisha ikarudi kulekule. Jibu alilopewa ni lile linalopewa kila piano ya Pwani. Unyevu, Mwalimu, hakuna la kufanya.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo imefanya piano nyingi zitupwe stoo. Hii ilikuwa piano ya wima ya Kijerumani, ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yenye vibonyezo 85, fremu nzima ya chuma cha kalibu na nyuzi za besi zilizopita kimshazari juu ya nyingine. Viungo vya mgongoni vimeongezewa skrubu za shaba. Watengenezaji wa Ulaya walifanya hivyo kwenye piano za kupelekwa nchi za joto, kwa kuwa gundi ya ngozi ya wakati huo huachia ikipata unyevu. Yaani piano hii ilijengwa ikijua inakokwenda.

Ushahidi mwingine ulikuwa chini ya kifuniko cha juu. Mafundi wa piano wana desturi ya kuandika kwa penseli tarehe ya kutuni, na humo tarehe zilipangana kwa miaka mingi: zinapishana miezi kumi, mwaka, pengine miaka miwili. Halafu ghafla zinasongamana, nne ndani ya mwaka mmoja. Unyevu wa Dar ulikuwepo tangu tarehe ya kwanza. Kilichobadilika ni ukumbi: ulikodishwa kwa mafunzo ya kompyuta, ukafungwa viyoyozi viwili, kimoja juu kidogo ya piano upande wa kulia. Kozi ikiwepo, viyoyozi vinafanya kazi mchana kutwa siku sita za wiki, miezi mitatu minne mfululizo. Kozi ikifungwa, ukumbi unarudia hewa ya nje.

Kwa nini hilo ni tatizo, inabidi kujua nini hasa kinashika uzi wa piano. Nyuzi za piano kama hii zinazidi 200, na mvuto wake wote kwa pamoja ni tani 15 hivi. Mzigo huo unabebwa na fremu ya chuma. Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya kipande kimoja mwaka 1825, na piano za kabla ya hapo, tangu zile za Bartolomeo Cristofori wa Florence mnamo 1700, zilitegemea mbao na nyuzi nyembamba zaidi. Lakini chuma hakikumaliza kazi yote. Kila uzi unaishia kwenye pini ya chuma yenye unene wa milimita 7 hivi, na pini hiyo imegongomelewa kwenye gogo la pini, yaani ubao mnene wa mti mgumu uliofichwa nyuma ya fremu. Haina nati wala kufuli. Inashikwa na msuguano wa nyuzinyuzi za mbao peke yake.

Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao hutulia na maji ya asilimia 15 hadi 16 ya uzito wake. Kwenye asilimia 50 hushuka hadi 9 hivi. Gogo likivimba halina pa kwenda, kwa hiyo linajibana kwenye pini na nyuzinyuzi zinazoizunguka zinapondeka. Likikauka linasinyaa, na zile zilizopondeka hazirudi kama zilivyokuwa, tundu linabaki kubwa kidogo. Mara moja haidhuru. Zungusha hivyo mara mbili tatu kwa mwaka na pini inaanza kuteleza. Piano inayokaa kwenye asilimia 80 mwaka mzima itapata kutu, itakuwa na vibonyezo vizito, lakini pini zake zitashika. Ile inayopandishwa na kushushwa ndiyo inayolegea.

Hayo ni maelezo, yalihitaji kupimwa. Kipima unyevu chenye kumbukumbu kiliwekwa ndani ya piano, nyuma ya ubao wa chini, wiki tano. Wiki mbili za mwisho za kozi kilisoma kati ya asilimia 50 na 58. Kozi ilifungwa masika yakiwa yamekolea, na kabla ya wiki kwisha kilikuwa kinasoma 80 hadi 86.

Kipimo cha pili ndicho kilichoamua kesi, na hakihitaji zaidi ya programu ya kutuni ya simu na kabari mbili za mpira. Katikati ya piano kila noti ina nyuzi tatu zinazogongwa na nyundo moja. Zote tatu zinapita juu ya daraja moja, kile kipande cha mti kinachopeleka mtetemo wao kwenye sehemu moja ya ubao wa sauti, ubao mpana unaokuza mlio. Ubao huo ni wa msprusi, mti wa jamii ya msonobari, unene wa milimita 8 au 9, una mbinuko kidogo kuelekea kwenye nyuzi. Ukivimba mbinuko unaongezeka, daraja linasukuma nyuzi, tuni inapanda, ukikauka, inashuka. Lakini unazipandisha au kuzishusha zote tatu karibu sawa. Kwa hiyo ukiona nyuzi mbili ziko pamoja na ya tatu imeachwa mbali, usimsingizie ubao wa sauti. Pini ya ule uzi wa tatu imeteleza.

Kila uzi ulipimwa peke yake, ukiwa wenzake wamezimwa kwa kabari. Mwisho wa kozi A ya juu ya C ya kati ilisoma Hezi 421 (mitetemo kwa sekunde), ambayo ni senti 76 chini ya 440, kipimo cha kawaida cha leo (senti 100 ni nusu toni). Wiki tatu baada ya viyoyozi kuzimwa, bila mtu kugusa spana, ilikuwa imepanda hadi 424. Nyuzi chache za jirani, katika muda uleule, zilikuwa zimeshuka. Hizo ziliwekewa alama ya chaki. Kisha pini zote zikapimwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu: nyingi zilihitaji Nyutoni-mita 6 hadi 9 kuzunguka, ila 14 zilikuwa chini ya 4, ambapo pini haiaminiki. Zote zenye chaki zilikuwemo. Na kwenye mchoro wa fremu, pini tisa kati ya hizo 14 zilikuwa upande wa kulia, pale upepo wa kiyoyozi ulipokuwa ukipiga.

Mtawanyiko una maana nyingine pia. Pini zilizolegea zikiwa zimejipanga mstari mmoja bila kuruka hata moja, gogo limepasuka, na hapo hesabu ni nyingine kabisa: kung'oa nyuzi zote, kutoa fremu, kuweka gogo jipya. Gharama yake kwa piano ya wima mara nyingi inazidi thamani yake. Hapa zilitawanyika, kati ya iliyolegea na iliyolegea kuna zilizokaza. Gogo lilikuwa zima.

Vibonyezo vilivyokwama vilikuwa na historia yake. Mtu mwenye nia njema alipuliza mafuta ya kopo, yale ya kulainisha bawaba, na kwa siku kadhaa vikafanya kazi. Mafuta kwenye piano yanadanganya hivyo siku zote. Felti, kile kitambaa kizito cha sufu, inayanyonya, inavimba, inashika vumbi, na pini ndogo za shaba ndani ya viungo zinaanza kutoa ukoko wa kijani. Yakitambaa hadi kwenye gogo la pini ndiyo basi, mbao iliyonyonya mafuta haishiki pini tena na gundi haiingii. Kwa bahati hapa yaliishia kwenye vibonyezo na sehemu ya mtambo unaorusha nyundo.

Kutafuta kinachokwama kuna utaratibu wake, na wengi wanaukosea kwa kuanza kusugua kila kitu. Bonyeza, kisha angalia nyundo. Nyundo ikirudi mahali pake na kibonyezo kikabaki chini, tatizo ni la kibonyezo. Nyundo ikibaki imesimama karibu na uzi, tatizo liko kwenye kiungo chake. Kwenye hii, saba yalikuwa ya vibonyezo na manne ya viungo.

Kibonyezo ni ubao mrefu unaobembea juu ya pini ya katikati na kuongozwa na pini nyingine mbele. Matundu yote mawili yana kitambaa cha sufu pembeni, na kitambaa kikivimba kinabana. Tiba ni koleo la kubana lenye midomo bapa: unaminya kitambaa pande mbili taratibu, unarudisha kibonyezo, unajaribu. Kiwe na mchezo mdogo tu wa kushoto na kulia, unaousikia kwa kidole bila kuuona. Kisu kisiguse hapo. Ukikata kitambaa, siku hewa ikikauka kibonyezo kitapiga kelele kama meno bandia. Chini ya vibonyezo, kwa kawaida ya kumbi, zilitoka sarafu, vipande vya chaki na viota vya panya vilivyokwisha kuhamwa.

Kwenye viungo vya nyundo ndiko kunakohitaji mkono mtulivu. Pini yake ina unene wa milimita 1.3 hivi, imezungukwa na kitambaa chekundu. Kwa viungo viwili ambavyo havikuwa na mafuta yalitiwa mchanganyiko wa sehemu moja ya maji na sehemu tatu za spiriti ya duka la dawa, tone moja kila upande kwa sindano. Maji yanalowesha sufu, spiriti inayasaidia kupenya na kukauka upesi, na kitambaa kikikauka kinasinyaa kuifuata pini. Inabidi kusubiri hadi siku ya pili kabla ya kuhukumu. Spiriti hiyo isidondokee kwenye sanduku la nje, kwa sababu vanishi ya zamani ya piano inayeyuka nayo papo hapo. Viungo viwili vyenye ukoko wa kijani havina njia ya mkato: pini ilisukumwa nje, tundu likakwanguliwa, ikaingizwa mpya iliyo nene kidogo. Kipimo ni kushika kiungo na kuacha nyundo ibembee. Isiyumbe pembeni, na isikwame njiani.

Pini 14 zilikuwa na chaguo tatu. Kuzigongea ndani milimita mbili hivi, pale ambapo mizunguko ya uzi bado iko mbali na fremu. Kuzitoa na kuweka nene zaidi. Au gundi nyepesi, ile inayokauka mara moja, aina ya majimaji kabisa na siyo ya mtindi. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu mizunguko ilikuwa tayari milimita 4 tu kutoka kwenye chuma. Ya pili ni kazi nzuri, lakini inalazimu kutoa na kurudisha nyuzi 14 za zamani, na nyingi zingekatikia kwenye mkunjo. Ikachukuliwa ya tatu. Kuna mafundi wanaoiona kama ulaghai, na kwa piano kubwa ya tamasha wana haki. Kwa piano ya wima yenye zaidi ya karne, gogo likiwa zima, ni tiba ya haki.

Piano ililazwa chali, kazi ya watu wanne. Hapa ndipo watu wanapoumia: fremu ya chuma iko upande wa nyuma, kwa hiyo uzito wote uko huko, na ikishaanza kulala haizuiliki kwa mtu mmoja. Ikiwa imelala, gundi ilidondoshewa pale pini inapoingia, matone kama kumi, dakika chache zikapita ikinywewa, kisha matone mengine mpaka ikakataa. Madirisha wazi, miwani machoni, kitambaa kwenye felti zote za karibu, na nyuzi zisiguswe. Ilikaa hivyo usiku mzima. Kesho yake pini 12 zilisoma kati ya 6 na 8. Mbili zilibaki kwenye 4.5, na hizo zikatolewa zikawekwa za unene wa milimita 7.25.

Kabla ya kutuni, chumba. Hapa mpangilio ni muhimu kuliko ustadi: ukituni kwanza kisha ukabadilisha hewa, umetuni bure. Piano ilihamishwa kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa ndani, mbali na upepo wa viyoyozi, ikaachiwa nafasi ya sentimita 15 nyuma ili ubao wa sauti upumue. Ndani, chini, zikafungwa fimbo mbili za joto za wati 25 kila moja, zikiongozwa na swichi inayozizima yenyewe unyevu ukishuka. Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzijoto 31 bila kuongeza wala kupunguza maji, inakuwa na asilimia 67. Nyuzijoto tatu zinatosha. Wazee wa kazi hii walifanya hivyohivyo kwa balbu ya wati 40 ndani ya piano. Siku hizi balbu hiyo ikiungua mtu anaweka ya LED, taa inawaka, joto hamna, na hakuna anayejua kwa nini vibonyezo vimeanza kukwama.

Vitabu vya Ulaya vitakwambia unyevu wa piano uwe asilimia 45. Pwani, kuifukuzia 45 ni kujitafutia tabu: utaipata viyoyozi vikiwaka na kuikosa umeme ukikatika. Hapa lengo liliwekwa 60 hadi 68. Wenye kozi walikubali kuweka viyoyozi nyuzijoto 26 badala ya 19, na fimbo zinashughulikia usiku na likizo. Baada ya wiki nne kipima unyevu kilikuwa hakitoki nje ya mipaka hiyo, na A ilikuwa imetulia kwenye 423.

Kisha likaja swali la kupandisha hadi wapi. Wengi wangesema 440 bila kufikiri. Lakini mkutano wa Vienna wa 1885 uliweka A kuwa 435, na piano ya Kijerumani ya umri huu ilipigiwa hesabu wakati wa kipimo hicho. Mvuto wa uzi unakua kwa mraba wa tuni, kwa hiyo kutoka 435 hadi 440 ni nyongeza ya asilimia 2.3, ambayo kwa tani 15 ni kilo 345 hivi, juu ya nyuzi zenye kutu na daraja la zamani. Na kinanda cha umeme cha kwaya kina mpangilio wa kushusha tuni, kama vingi vilivyo: kibonyeze senti 20 chini na kimeifuata piano. Ilipandishwa hadi 435.

Ilihitaji mizunguko miwili. Ukikaza nyuzi za mwisho, mzigo unaoongezeka unasukuma ubao wa sauti chini na zile ulizoanza nazo zinalegea. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza unapitiliza makusudi, robo ya kiasi kilichopungua. Upungufu ulikuwa senti 48, kwa hiyo sehemu ya kati ilipelekwa senti 12 juu ya lengo, karibu Hezi 438. Besi kidogo kuliko hapo, noti za juu zaidi kidogo. Kila pini ilishushwa kwanza nywele moja kabla ya kupandishwa. Unasikia mlio mdogo wa tik, ni kutu inaachia pale uzi unapogusa chuma. Ukikosa hatua hiyo, nguvu yote inaishia kwenye kipande kifupi kati ya kutu na pini na uzi unakatika. Hata hivyo mbili zilikatika, zote za noti za juu, zikawekwa waya mpya wa piano wenye mizunguko mitatu kwenye pini. Waya mpya unanyooka wiki kadhaa, kwa hiyo nyuzi hizo mbili zilizimwa kwa kipande cha felti na noti zikaachwa zilie kwa zile mbili zilizobaki. Mzunguko wa kwanza ulipoisha A ilikuwa imerudi yenyewe hadi 434. Wa pili ulifanywa wiki moja baadaye, ukawa wa kutuni kawaida.

Vibonyezo viwili vyeupe havikuwa na kifuniko. Vilivyobaki ni pembe za ndovu: kila kimoja kina vipande viwili, cha mbele kipana na cha nyuma chembamba, na mstari mwembamba pale vinapokutana, ukielekeza tochi kwa ubavu unaona mistari ya asili isiyo sawa, wakati ile ya plastiki ya kuigiza inajirudia kwa usawa. Kwa msomaji wa mwambao huu hicho si kipambo tu. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe, zikibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, na sehemu kubwa ya zilizokwenda Marekani ziliishia Deep River na Ivoryton, miji ya Connecticut iliyoishi kwa kukata vibonyezo vya piano. Biashara ya kimataifa ya pembe imezuiwa na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1990, na sheria za nyumbani ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo hakuna kutafuta vipande vya kufidia mitaani, na mwenye piano ya namna hii asiivushe mpaka kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori. Vibonyezo viwili vilivikwa plastiki ya rangi ya maziwa. Vingine vilifutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu, kwa kuwa maji mengi yanakunja kipande na kukiachisha na gundi. Kifuniko cha vibonyezo kinaachwa wazi mchana. Pembe inayokaa gizani inageuka njano.

Miezi sita baadaye, kozi moja na likizo moja vikiwa vimepita katikati, A ilisoma 434 na hakuna noti iliyokuwa na uzi mmoja ulioachwa na wenzake. Pini 14 hazijasogea. Kilichobaki ni besi: noti tatu za chini kabisa zinalia kama zimefunikwa na blanketi, kwa sababu uchafu na kutu vimeingia kati ya waya wa chuma na ule wa shaba uliozungushwa juu yake. Zililegezwa, zikakunjwa kitanzi kikapitishwa kutoka mwisho hadi mwisho ili zipukutike, zikarudishwa zikiwa zimesokotwa mzunguko mmoja wa ziada. Moja ikafufuka, mbili hapana. Hizo mbili zitaagizwa mpya. Anayeagiza atume uzi wenyewe wa zamani, siyo picha, au apime kwa mikromita unene wa waya wa ndani, unene pamoja na shaba, na mahali shaba inapoanzia na kuishia kutoka kwenye kitanzi cha chini.